Riwaya Iliyoitiwa Kikao cha Ukoo

Mama alivunjika mguu akishuka kwenye bodaboda mbele ya duka la pembejeo, na kabla plasta haijakauka wadogo zangu wawili walikuwa wameshakubaliana kwa simu kwamba atakaa kwangu. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Dodoma. Wote walitoa sababu moja: "Dada, wewe ndiye uliye karibu." Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Ikungi, na ni kweli kwamba kutoka kwangu hadi kwa mama ni mwendo wa saa moja. Lakini nimeshagundua kwamba ukaribu wangu hauhusiani na barabara. Baba alipougua nilikuwa karibu. Mdogo wangu wa Mwanza alipooa, na ukweni kwake ni Bukoba, nilikuwa karibu pia. Sina mume wala mtoto, na kwa ndugu zangu hilo linatosha kuniweka karibu na kila kitu.

Nisieleweke vibaya, mama nilimtaka. Kilichonikera ni kwamba mwaka huo nilikuwa nimejiapiza kumaliza riwaya.

Ilikuwa hadithi ya kubuni kabisa, au ndivyo nilivyojidanganya. Binti wa siku hizi anapenya kwenye ufa ulio kati ya majabali mawili, yale ya kwetu yaliyobebana kama yamepangwa na mtu, na anatokea zamani, enzi babu yake akiwa bado kijana mwenye nguvu. Huko anamkuta shangazi yake akiwa msichana wa darasa la nne ambaye baba yake amemtoa shule ili amtunze bibi kipofu. Binti anapambana na yule baba, anamshinda, anamrudisha msichana darasani. Akirudi kwenye wakati wake anakuta ukoo mzima umebadilika, shangazi ni daktari, na mabinti wote wa ukoo hawana tena mzigo wa kubaki nyumbani kulea wazee. Nilipanga sura kumi na mbili. Nilikuwa nimeandika tisa.

Yule msichana nilimtoa kwa shangazi yangu wa kweli, dada wa marehemu baba. Kwamba babu alimtoa shule nilisimuliwa na baba tangu nikiwa mdogo, na ukoo mzima uliijua habari hiyo kama unavyojua mahali kisima kilipo. Nilibadilisha kijiji. Nilimpa babu ndevu ambazo hakuwa nazo. Nikaona inatosha.

Saa zangu za kuandika zilikuwa saa kumi hadi kumi na mbili jioni, nikishatoka shule. Mama alikaa mlangoni, mguu juu ya kigoda, akiangalia njia.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Yule aliyepita na mbuzi ni nani?"

Sikumjua. Nikarudi kwenye sentensi yangu, na sentensi ilikuwa imeshaondoka. Baada ya dakika tano aliniita tena kuuliza kama maharage yametiwa maji, kisha kama nimesikia upepo unavyogonga bati, kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo: ninaandika nini kila siku, mbona ripoti za wanafunzi haziishi.

Nilimwambia ni kitabu cha hadithi. Akasema nimsomee. Nilidhani atachoka baada ya ukurasa mmoja, lakini mama hajawahi kuchoka na jambo linalomhusu mtu mwingine.

Alinisimamisha kwenye ukurasa wa pili. "Ndoo ya plastiki ilitoka wapi? Wakati huo tulikuwa tunachotea vibuyu." Nikafuta ndoo. Kwenye ukurasa wa nne binti wa hadithi alitokea kwenye majabali akiwa amevaa suruali, na mama akasema kijiji kizima kingemkimbia, hata hadithi isingeanza. Nikamfunga kitenge. Halafu tukafika pale binti anapokutana na shangazi yake.

"Hajamwamkia," mama alisema.

"Mama, binti ana miaka ishirini na tano. Shangazi yake pale ana miaka kumi."

"Shangazi ni shangazi."

"Kwa hiyo mtu mzima amwambie mtoto shikamoo?"

"Kwani yeye hajui huyo ni nani wake? Anajua. Basi anamkwepa nini?"

Tulibishana jambo hilo siku mbili. Sikuandika hata mstari mmoja. Jumatano nilirudi kutoka shule nikamkuta anazungumza na simu, amejilaza vizuri kwenye mto, akimsimulia mtu sura ya kwanza neno kwa neno, pamoja na mambo ambayo sikuyaandika.

Wiki ile simu yangu haikutulia. Mjomba, kaka yake mama, alipiga kutoka Itigi anakofuga nyuki. Alitaka kujua kama huyo binti anaweza kupita porini kwao kumwona marehemu baba yao alitundika wapi ile mizinga ambayo haikuonekana tena. Nilimweleza kwamba ni hadithi tu. Akasema anaelewa ni hadithi, ila kama anapita. Mdogo wangu wa Dodoma naye alicheka sana, kisha akaniomba nimpeleke binti Dodoma ya zamani akamchukulie viwanja kabla serikali haijahamia. Mke wake alichukua simu akaniuliza kama ninamla mama vizuri, yaani kama ninamlisha, ulimi ulimteleza, na badala ya kucheka nilikata simu. Nilikuwa nimefika hapo.

Kisha alipiga baba mkubwa. Yeye hakuwa na ombi.

"Mwalimu, hujambo."

"Sijambo, shikamoo baba."

"Marahaba. Jumamosi ijayo tuna kikao cha ukoo. Uje na hicho kitabu."

Baba mkubwa ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba. Alikuwa karani maisha yake yote, na mpaka leo anaendesha ukoo kwa ajenda. Mama alikataa kubaki. Tulimpakia kwenye bajaji, mguu wenye plasta ukiwa umetoka nje kama boriti, na njia nzima ya vumbi nilimshikilia goti lisigonge huku yeye akisalimiana na watu.

Sebuleni kwa baba mkubwa tulikuwa kama watu kumi na watano. Kwetu kuna Wakristo na Waislamu, kwa hiyo ilisomwa dua, kisha ikafuata sala, na hakuna aliyetaka ya kwake iwe fupi kuliko ya mwenzake. Binamu yangu aliyekuwa katibu alisoma ajenda kutoka kwenye daftari: kufungua kikao, shamba la bondeni, kitabu cha mwalimu, mengineyo. Shamba la bondeni lilichukua saa moja na nusu na halikuamuliwa, kama ilivyo kawaida yake. Kisha wote wakanigeukia.

Baba mkubwa alivua miwani. "Binti yetu, sisi hatukatai elimu yako. Tunajivunia. Lakini nimesikia kwamba humo ndani marehemu baba yangu ni mtu mkatili, anampiga mtoto na kumtoa shule. Mzee wa watu amelala kaburini, hawezi kujibu. Unamvua nguo."

Nilisema yule si babu. Ni mtu wa kubuni, ana ndevu.

"Ana ndevu," baba mkubwa alirudia taratibu, na wawili watatu wakaangalia chini.

Akaamuru nisome. Nilisoma sura ya tatu nikiwa nimesimama katikati ya sebule, nikiwa na miaka arobaini na moja, kama mwanafunzi aliyekamatwa na barua. Nilipofika kwenye makutano ya binti na shangazi yake, mtu wa kwanza kunyoosha mkono hakuwa na neno kuhusu babu. Aliuliza mbona hajamwamkia. Mama akaitikia kutoka kwenye kochi kwamba hilo yeye alishalisema. Basi likazuka jambo. Upande mmoja ulishikilia kwamba cheo cha damu hakina umri, maana hata sasa kuna wajomba wanaonyonya na tunawaita wajomba. Upande mwingine ulisema kumwamkia mtoto wa miaka kumi ni kumtisha, atadhani ni uchawi. Katibu aliandika hoja zote mbili. Nilisimama pale na karatasi zangu mkononi, robo saa nzima, nikitamani ardhi ifunguke, au yale majabali ya riwaya yangu. Walipochoka nikamalizia sura, mpaka pale binti anapomshika msichana mkono na kwenda naye shule.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na mlango wa jikoni. Alikuja na basi la asubuhi kutoka Manyoni, alikoolewa na kufiwa na mume, na tangu afike hakuwa amesema kitu zaidi ya salamu. Nilikuwa nimemtegemea yeye. Njiani nilijipanga moyoni: wengine watasema yao, shangazi atasimama na kusema ndiyo, nilionewa, acheni mtoto aandike.

"Naomba kuuliza," alisema, na watu wakamgeukia. "Huyo msichana akisharudishwa shule, bibi anabaki na nani?"

Sikuelewa swali.

"Bibi asiyeona. Umesoma kwamba binti amemshika msichana mkono, wamekwenda zao shule. Wazazi wako shambani. Nani amemtoa bibi nje kuota jua? Nani amemwonyesha moto uko wapi?"

Nilipekua karatasi kana kwamba jibu nililiweka humo. Sikuwa nimeliweka. Katika sura tisa bibi yule alikuwa kikwazo tu, mtu wa kukaa kitandani na kukohoa ili msichana akose shule.

"Sikufikiria hapo, shangazi."

"Hukufikiria." Hakusema kwa hasira. "Na baba hakunitoa shule. Nilijitoa mwenyewe."

Baba mkubwa alisema hilo tungeweza kulizungumza baadaye, chakula kiko tayari. Shangazi akaendelea kama hajasikia.

Alisema watoto walikuwa wakipokezana kumtunza bibi. Siku moja yeye alikwenda shule, na kaka yake ndiye aliyeachiwa zamu. Saa nne watu wakapita wakisema kuna lori limepinduka barabarani, limemwaga chumvi. Vijana wote walikimbia kwenda kuona. Aliporudi kutoka shule mchana alimkuta bibi ameketi pembeni ya mafiga, mkono umeungua mpaka kwenye kiwiko, hapigi kelele, ameuingiza kwenye mtungi wa maji na anauliza kama jua limeshapita katikati.

"Kesho yake sikwenda shule. Baba alinipiga. Alinipiga nirudi shule, si kwamba nisiende. Siku tatu alinitoa na fimbo mpaka njiani. Nikawa najificha kwenye mtama, akiondoka na ng'ombe narudi kwa bibi. Mwisho akachoka. Yule mzee alilia, mimi nilimwona." Akamgeukia kaka yake. "Kaka, wewe si ulikuwepo."

Sebule nzima ilimwangalia baba mkubwa. Alivaa miwani, akaivua. Mzee yule aliyetutisha wote utotoni alitafuta leso kwenye mifuko yote ya koti na hakuipata.

"Nilikuwepo," alisema.

Katibu aliuliza kwa sauti ndogo kama aandike. Ukaletwa ugali wa uwele, mlenda na kuku, watu wakanawa, wakala, na mazungumzo yakarudi kwenye mvua. Ajenda ya kitabu changu haikufungwa. Nadhani mpaka leo iko wazi kwenye lile daftari.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nyumbani nimeguswa. Nilirudi nimekasirika. Niliudhika na baba yangu aliyenisimulia jambo asilolijua vizuri, na baba mkubwa aliyekaa kimya miaka yote hiyo na kumwachia mzigo marehemu. Hata shangazi nilimwona amekosea, na hilo ninalisema kwa aibu. Hadithi ikiwa na mtu mbaya inaandikika. Unamtuma shujaa wako, anamshinda, kazi imekwisha. Sasa nilibaki na mzee aliyelia, kijana aliyekwenda kuangalia lori, na bibi aliyeungua akiuliza habari za jua. Nani ashindwe hapo? Sura saba kati ya tisa zilisimama juu ya ukatili wa babu, na zote zilianguka siku moja.

Mama kwenye bajaji alisema, "Mimi nilijua hiyo hadithi ina kitu hakijakaa sawa."

"Ulisema ndoo, mama."

"Na ndoo pia."

Wiki mbili sikufungua kompyuta. Nilisahihisha madaftari ya wanafunzi wangu kwa ukali ambao hawakustahili. Nilipoanza tena, nilianza na bibi. Nilijaribu kumfikiria mtu asiyeona anayeachwa na mtoto anayemwahidi kurudi upesi. Nilimwuliza mama, akanisaidia, na wakati huo, namshukuru Mungu, hakunikatiza. Polepole hadithi ikachukua njia ambayo sikuipanga: binti anapotokea zamani, hapambani na mtu. Anamwambia msichana aende shule, yeye atakaa na bibi. Siku ya kwanza inakuwa wiki. Wiki inakuwa msimu. Anajifunza kumkanda bibi miguu, kumwogesha, kumsimulia mambo ya mbele ambayo bibi anayaona ni porojo za kumchekesha. Na kila siku anayokaa kule, huku kwenye wakati wake mama yake mwenyewe anakaa peke yake, anamtafuta. Hapo nilikwama tena, kwa sababu sikujua aende wapi. Ukimweka huku, kule kunapungua mtu.

Katikati ya kukwama huko baba mkubwa alikuja Ikungi. Alisema amekuja kuangalia mguu wa mama, na akaleta jogoo aliyefungwa miguu. Mguu ulikuwa umeshafunguliwa plasta, aliuangalia kidogo tu. Alikunywa chai, akauliza habari za shule, akaaga. Nilimsindikiza mpaka kituoni, na tuliposimama akaniuliza bila kunitazama:

"Yule kijana wa lori, umemwandika?"

"Nimemwandika, baba."

"Andika kwamba alikuwa na miaka kumi na mbili."

Nilisema nitaandika. Akapanda basi akaondoka. Nilibaki pale na hasira yangu yote, nikiwa sina tena wa kumpelekea.

Likizo ya mwezi wa sita nilimpeleka mama kwake, naye akakubali kukaa na jirani kwa siku nne, jambo ambalo alilikubali kana kwamba amenipa urithi. Nikaenda Manyoni kwa shangazi. Nilimkuta uani anapiga alizeti kwenye turubai. Nilimwamkia, nikachukua fimbo ya pili, tukapiga pamoja mpaka mabega yakaniuma. Mchana, alipoketi kupepeta, nilimsomea sura mpya.

Alisikiliza akiwa anarusha ungo. Makapi yalikwenda na upepo, mbegu zikarudi. Hakunikatiza mara nyingi. Alinisahihisha kwenye uji: bibi yake hakunywa uji wa mahindi, alikuwa akisema unanuka meli iliyoleta mahindi ya msaada. Akataka uwe wa uwele. Pale binti anapomwamkia msichana wa miaka kumi na msichana anaitikia marahaba kwa woga, shangazi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Nilipofika kwenye lori na kijana wa miaka kumi na mbili, akaacha kucheka.

"Alikuwa na kumi na tatu," alisema. Akafikiri. "Lakini iache kumi na mbili. Na yeye alikuwa mtoto."

Nilimwuliza jambo nililokuwa nimelibeba tangu kikaoni: angependa nini? Kama kweli angetokea mtu kwenye majabali, akamwambia nenda shule mimi nitakaa na bibi yako, angekwenda?

Aliokota jiwe dogo kwenye mbegu, akalitupa.

"Ningekwenda," alisema. "Nilipenda hesabu. Lakini ningerudi mapema kuona kama anajua kumgeuza."

Kisha akauliza yule binti anarudi kwao lini, maana mama yake ana hali gani huko. Nikakiri kwamba bado sijui, nimekwama sura ya kumi. Akasema nisikae muda mrefu kwenye jua, nimeanza kuwa mwekundu machoni, na niingie ndani nikaangalie mboga.

Niliingia. Simu yangu ilikuwa juu ya meza, ina simu sita za mama ambazo sikuzisikia. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Alitaka kujua kama shangazi amecheka pale kwenye shikamoo.

"Amecheka, mama."

"Nilijua," alisema, na akaanza kunieleza kuhusu jirani, jinsi anavyotia chumvi nyingi kwenye mboga, na kwamba siku nne ni nyingi sana. Nilimsikiliza huku nikigeuza mboga jikoni kwa shangazi, nikijua kwamba kesho nitapanda basi la kurudi, siku mbili kabla ya wakati.